Apolo Kivebulaya: Aliyevuka Semliki Kwenda Upande Ule

Ndugu wakaaji wenzangu wa kambi, na ninyi ndugu wa mashirika mnaofanya kazi pamoja nasi, Kamati imeniomba niandike juu ya Apolo Kivebulaya katika toleo hili la kumbukumbu. Tarehe 30 Mei ndiyo siku aliyofariki, na kwa watu wa Boga, Tchabi na vijiji vya jirani siku hiyo imekuwa na uzito mara mbili. Usiku wa 30 kuamkia 31 Mei 2021, zaidi ya watu 50 waliuawa Boga na Tchabi, wakiwamo waliokuwa wamekwisha kukimbia makwao mara ya kwanza na kulala katika vibanda vya wakimbizi wa ndani. Wako wanaosoma karatasi hii waliovuka kuja huku Uganda baada ya usiku ule. Wengine tulikuwa tumetangulia, kwa vita vya kabla yake. Njia ni ile ile.

Nina sababu ya pili ya kuandika. Si zamani, baada ya sala ya jioni, palizuka mabishano katika mduara wetu. Ndugu mmoja alisema mwenye imani ya kweli hawezi kuendelea kukaa kambini. Arudi nyumbani, kwa maana Apolo alirudi Boga ijapokuwa alipigwa na kufungwa. Akasema imani bila utii ni maneno tu, na utii ni kurudi. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango aliinuka akaenda zake bila kusema lolote. Tunaomjua tunajua alichokiacha kule. Mimi sikuwa na jibu usiku ule. Nimeona afadhali nisimulie maisha ya Apolo yalivyokuwa, ili tukibishana juu yake tubishane juu ya mtu mwenyewe.

Alizaliwa Buganda, yapata mwaka wa 1864, akaitwa Waswa. Wanaojua desturi za Waganda wataelewa mara moja kwamba alikuwa pacha, kwa kuwa Waswa ni jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Ujana wake uliangukia miaka migumu. Katika jumba la Kabaka walikuwamo Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti, kila upande na watu wake na bunduki zake, na kuanzia mwaka wa 1888 wakapigana. Waswa kwa muda alikuwa upande wa Waislamu, akachukua silaha pamoja nao. Kabla ya hapo alikuwa amesikia mafundisho ya Alexander Mackay, mmisionari fundi kutoka Scotland, naye hakuyasahau. Basi kijana huyu hakuanza maisha akiwa mtu wa dini mtulivu. Alionja vita, akajua kukimbia na kujificha ni nini. Jambo hilo halisemwi sana makanisani, nami naona ni hasara, kwa sababu hapa kambini tuna vijana wengi waliopitia hayo hayo, wengine bila kupenda, nao hudhani watu kama Apolo walizaliwa na Biblia mkononi.

Alibatizwa mwaka wa 1895, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi. Jina alilochukua ni la yule mwalimu Myahudi wa Aleksandria anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya walimpa watu. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, na husemwa kwamba ni kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilopenda kulivaa juu ya kanzu nyeupe. Lilikuwa jina la utani, akalichukua mpaka kaburini.

Mwaka huo huo alitumwa Toro awe mwalimu wa kanisa. Naomba tulipime neno hili la kutumwa. Kanisa la Buganda wakati huo lilikuwa likipeleka walimu wake pande zote, nao walikuwa Waafrika wenye elimu ndogo, wanajua kusoma, wana Injili na vitabu viwili vitatu, mshahara wao ni karibu na bure. Mfalme Kasagama wa Toro alibatizwa mwaka wa 1896. Ng'ambo ya Toro, upande wa pili wa mto Semliki, palikuwa na nchi ya Mboga, ndiyo Boga yetu, chini ya mtawala aliyeitwa Tabaro. Walimu wawili Waganda walitangulia kwenda huko mwaka huo wa 1896, lakini hawakudumu. Palitakiwa mtu mwingine. Akaenda Apolo.

Wafanyakazi wa mashirika wanaotujua kwa karatasi za kuandikishwa huenda hawaijui njia hiyo. Kutoka mahali panapoitwa leo Fort Portal mtu huzunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Ruwenzori, akashuka ukingo mkali hadi uwanda wa Semliki. Uwanda huo ni wa joto, majani ni marefu, wanyama ni wengi. Kisha kuna mto, na ndani ya mto kuna mamba. Ukivuka unapanda tena ukingo wa upande wa pili hadi penye ubaridi na mashamba ya ndizi, na mbele yako, upande wa magharibi, unaanza msitu wa Ituri usioonekana mwisho. Sisi tuliipita njia hiyo tukitoka magharibi kuja mashariki, wengine usiku, na watoto mgongoni. Yeye aliipita akitoka mashariki. Sisi tulikuwa tukikimbia kifo. Yeye alikuwa akienda mahali ambapo waliomtangulia walikuwa wamerudi kwa njaa.

Kuhusu njaa hiyo, hapa ndipo napenda kukaa kidogo.

Tabaro alikuwa amekubali walimu waje, lakini kuja ni jambo moja na kula ni jambo lingine. Wale wa kwanza walinyimwa chakula. Desturi ya Buganda ilikuwa kwamba mwalimu ni mtu wa heshima, hulishwa na watu anaowafundisha, na kulima shamba la ndizi ni kazi ya wanawake. Mwanamume Mganda aliyejua kusoma, kushika jembe mbele ya watu ilikuwa aibu. Kwa hiyo walimu wale wakakosa chakula, wakaondoka, nami siwalaumu. Mtu asiyejua njaa asihukumu aliyeikimbia. Apolo alipofika na kukuta mambo ni yale yale, alishika jembe, akalima chakula chake mwenyewe.

Hilo ndilo tendo lake la kwanza la utii Mboga, na kwa macho yangu ni kubwa kuliko mengine mengi yanayosimuliwa. Hakuna aliyemwamuru alime. Aliamriwa afundishe. Lakini aliona kwamba ili afundishe lazima akae, ili akae lazima ale, na ili ale lazima ainame. Tunapenda kusema imani inahamisha milima. Huyu imani yake ilihamisha udongo tu, tuta baada ya tuta. Hapa kambini, wakati mgao wa chakula unapopunguzwa, tunawaona watu wenye vyeti, waliokuwa walimu, wauguzi na makarani, wakilima kipande chao cha shamba na kufyatua matofali ili wanunue chumvi. Wengine huona haya tukiwakuta. Wasione haya.

Watu wakaanza kuja kusoma, kwanza wachache. Tabaro hakupendezwa. Yatupasa kumtendea haki mtawala huyo, maana katika hadithi nyingi hutajwa kama mtu mbaya tu. Aliwaona Waganda wakija na kitabu, na nyuma ya Waganda aliwaona Waingereza na ngome zao. Ng'ambo nyingine walikuwako watu wa Dola Huru ya Kongo ya Leopold, ambao habari zao zilikuwa za kutisha. Tena mafundisho mapya yalisema juu ya wake wengi, juu ya pombe, juu ya mambo ya kienyeji ambayo utawala wake ulisimama juu yake. Mtawala yeyote angejiuliza mgeni huyu amekuja kuchukua nini. Tabaro alimtesa Apolo. Alipigwa. Apolo akaendelea kufundisha.

Swali la utii hapo linakuwa gumu. Tabaro alikuwa mwenye nchi, na kila mkaaji alitakiwa kumsikia. Kiswahili chetu kinasema mtoto asiyetii hasikii. Kutii na kusikia kwetu ni mamoja. Apolo alimsikia nani? Sijaona mahali popote kwamba aliwachochea watu wamwasi Tabaro au alimwitia askari. Aliendelea kulima katika nchi ya Tabaro na kumheshimu kama mwenye nchi. Jambo moja tu hakukubali: kunyamaza. Alipoadhibiwa kwa jambo hilo, alipokea adhabu. Wakristo wengi hupenda nusu moja ya mwenendo huu. Wako wanaotii kila mwenye cheo, hata akisema mwueni jirani yenu. Watu wa nchi zetu hizi za Maziwa Makuu hatuhitaji kuelezwa utii wa namna hiyo ulizaa nini. Wako pia wanaokataa amri kwa jina la Mungu, kisha wanachukua panga. Apolo alikataa amri, na mkononi alikuwa na jembe.

Kisha kulitokea msiba. Dada yake Tabaro alijikwaa akaangukia mkuki wa Apolo, akafa. Ilikuwa ajali, lakini fikirini ilivyoonekana: mgeni anayepingwa na mtawala, mkuki ni wake, na aliyekufa ni dada wa mtawala. Apolo alishtakiwa kwa mauaji. Akafungwa, akapelekwa Toro kwa ofisa wa Kiingereza, kwa njia ile ile ya Semliki, safari hii akiwa mfungwa, akatiwa gerezani. Mwaka ulikuwa 1898.

Wako miongoni mwetu waliowahi kufungwa kwa jambo wasilolitenda. Hao watanielewa nikisema kwamba saa mbaya si ile ya kukamatwa, ni ile ya baadaye, usiku, mtu anapoanza kujiuliza mwenyewe kama ni kweli hana kosa. Mwanamke alikuwa amekufa kweli. Mkuki ulikuwa wake kweli. Apolo alikuja kusimulia maisha yake yote kwamba katika siku hizo za mateso, usiku mmoja, alimwona Kristo, akimng'aria kama jua, akimwambia asiogope na aendelee kuwahubiri watu wake, kwa kuwa yuko pamoja naye. Msomaji asiyeamini mambo ya maono ana uhuru wake. Ninachoweza kusema ni kile kilichofuata, ambacho kinaonekana kwa macho ya kila mtu. Aliachiliwa, na alipoachiliwa alirudi Mboga.

Ndugu yetu wa jioni ile anasema hapo ndipo utii. Nami nakubali. Ila angalieni mpangilio wa mambo. Apolo hakuwa na mtoto wa kuvuka naye mto, aliishi bila mke. Kule alikorudi hakuwa ameona nyumba yake ikiteketea na watu wake ndani. Hatari aliyoirudia ilikuwa juu ya kichwa chake peke yake, naye aliichagua. Hakuna mzee wa kanisa aliyesimama Toro na kumwambia kwamba asiporudi imani yake ni bandia. Mtu akiuchukua utii wa Apolo akautumia kama fimbo ya kumpigia mama mwenye watoto watano, hajamfuata Apolo. Amemfuata Tabaro wa zamani.

Nasema Tabaro wa zamani kwa sababu Tabaro hakubaki vile. Alipomwona mtu aliyempiga na kumshtaki akirudi bila kulipiza na bila kudai kitu, akishika tena jembe lake, moyo wake uligeuka. Aliomba kufundishwa. Akabatizwa, akaitwa Paulo. Sitaki kulifanya jambo hili liwe jepesi. Hatuwezi kumwahidi mtu kwamba akimsamehe aliyemtesa basi yule atabatizwa. Wengi wamesamehe na hawajaona lolote. Lakini Mboga ilitokea hivyo, na uzao wa watu wale tunao hapa, wanaosimama nasi kwenye foleni ya maji.

Sasa nafika sehemu ambayo wahubiri huiruka, miaka kumi na sita hivi isiyo na mkuki wala gereza. Apolo hakuachwa Mboga. Kanisa lilimwita arudi Toro, akarudi. Askofu Tucker alimfanya shemasi mwaka wa 1900, na mwaka wa 1903 akawa kasisi. Alitumwa huku na huku katika makanisa ya vijijini ya Toro, akafundisha, akabatiza, akajenga kwa miti na nyasi, akahamishwa, akaanza upya. Moyo wake ulikuwa Mboga, lakini alikaa alipoambiwa akae. Nimewaza sana juu ya miaka hiyo, kwa kuwa sisi wa kambini tunajua kukaa. Wako watoto waliozaliwa hapa na sasa wana watoto wao. Mtu akisoma habari za Apolo haraka haraka atadhani utii ni kwenda tu, mbele, kuvuka mto. Kumbe kwake ulikuwa pia kubaki mahali ambapo hakupachagua na kufanya kazi pale kana kwamba amepachagua. Hiyo miaka ya Toro haina hadithi nzuri, na labda ndiyo iliyomgharimu zaidi.

Wakati huo mambo makubwa yaliamuliwa mbali na Mboga. Mwaka wa 1910 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana juu ya mpaka, na mwaka wa 1915 makubaliano yakakamilishwa. Semliki, mto uliokuwa wa kuvuka tu kwenda kwa ndugu, ukawa mpaka katika sehemu yake, na Mboga ikabaki upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu wa ukoo mmoja, wenye lugha moja, wakalala jana wakiwa wamoja na kuamka leo wakiwa wa serikali mbili. Ndiyo maana babu zetu wengine wamezikwa huku na wengine kule, na ndiyo maana baadhi yetu tulipofika Uganda tulipokewa na watu wanaosema kama sisi.

Katika miaka hiyo ya Vita Kuu ya kwanza Apolo alirudi Mboga kukaa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, wakati ambapo mtu hutafuta kiti karibu na moto. Sasa alikuwa mgeni wa nchi ya kigeni kwa sheria. Serikali ya Kibelgiji ilipendelea misheni za Kikatoliki, hasa zile za Wabelgiji wenyewe, na kanisa dogo la Kianglikana lililotokea Uganda, likisali kwa Runyoro na kuongozwa na Mwafrika, halikuwa na mtetezi. Wamisionari Wazungu walikuwa mbali, ng'ambo ya mto. Kanisa la Boga kwa miaka mingi lilikuwa mikononi mwa watu weusi, jambo ambalo wakati ule lilikuwa nadra, nalo halikufa.

Nyumbani kwake palijaa watoto. Ingawa hakuwa na wake mwenyewe, aliwalea wengi, akawafundisha kusoma na kazi za mikono. Mmoja wao, Nasani Kabarole, ndiye aliyeshika kazi baada yake. Wazee wetu walisema habari zao wenyewe za kulelewa katika nyumba hiyo, kwamba palikuwa na kazi nyingi na sala nyingi. Ndugu wa mashirika wanaoshughulikia watoto wasio na wazazi watamwona kama mwenzao, ila yeye hakuwa na fomu.

Kuanzia mwaka wa 1921 aliingia msituni kwa Wambuti. Hapa lazima niseme wazi. Wakati ule, na ni aibu kwamba hata leo, watu wa vijijini waliwaona Wambuti kuwa si watu kamili. Walibadilishana nao nyama kwa ndizi, wakawatumia kazi, wakawacheka. Wamisionari nao waliandika juu yao kwa maneno ambayo leo hatungeyachapa. Hata kitabu cha kwanza cha maisha ya Apolo, cha A. B. Lloyd, kilichotoka mwaka wa 1923, ni cha wakati wake. Apolo alikuwa mtu wa wakati huo pia, wala sidhani alikuwa hana dharau hata kidogo. Lakini aliinuka akawaendea. Alikuwa na miaka karibu sitini. Alitembea njia za msituni hadi kwenye kambi zao, akakaa nao, akabatiza baadhi yao, na kazi ikaanza ya kuiweka Injili ya Marko katika lugha yao. Hakungoja waje kijijini wakae nyuma ya kanisa. Sisi hapa tuna familia za Wambuti katika kambi yetu, nao huwa wa mwisho kwenye foleni ijapokuwa hawakuchelewa. Kamati imezungumza juu ya jambo hilo mara mbili, bado halijatengenezwa.

Mwaka wa 1922 alifanywa kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, cheo kikubwa kwa kasisi Mwafrika wa siku hizo. Alirudi Mboga na cheo chake akaendelea kama zamani.

Alipozeeka moyo ulimchosha. Alipojua kwamba mwisho umekaribia alitaka kufia Mboga, wala si Buganda alikozaliwa, na akafia huko tarehe 30 Mei 1933. Aliacha agizo juu ya maziko yake. Kwa desturi mtu alizikwa kichwa kikiwa upande wa mashariki. Apolo aliagiza kichwa chake kilazwe upande wa magharibi, uliko msitu, kwa watu aliokuwa hajawafikia. Walimzika hivyo.

Mara nyingi nimesikia agizo hilo likielezwa kama ishara ya imani. Ni kweli. Lakini mimi huliona pia kama jambo la mtu mwaminifu, katika maana ile ya kawaida tunayoitumia dukani na kwenye ghala, tukisema fulani ni mwaminifu, mpe ufunguo. Amini, imani, mwaminifu: lugha yetu imeyatoa katika shina moja. Tunapouliza kama kinachotangulia ni imani au utii, kama vile wazee wetu wanavyoweza kubishana mpaka taa inazimika, nadhani Apolo asingeelewa swali. Alipoamini alikwenda. Alipokuwa hana hakika, alilima kwanza. Gerezani hakuwa na la kutii, alikuwa na la kuamini tu. Toro hakuwa na maono yanayosimuliwa, alikuwa na la kutii tu. Vitu hivyo viwili vilipokezana naye kama watu wawili wanaobeba mgonjwa kwenye machela, mmoja akichoka mwingine anatangulia.

Kanisa aliloliacha lilibaki dogo, Boga na mazingira yake, kwa karibu miaka thelathini. Lililolitawanya halikuwa mpango wa askofu. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1960 watu wa Boga walianza kuhama, wengine kwa biashara, wengine kwa shule na kazi, wengine kwa vurugu za nchi, wakaenda Bunia, Kisangani na kwingineko. Kila walipofika walianza kusali pamoja kama walivyozoea nyumbani, wakapata majirani, na kidogo kidogo Runyoro ikapisha Kiswahili. Mwaka wa 1972 Boga ikapata askofu wake. Mwaka wa 1992 kanisa hilo likawa jimbo linalojitegemea, la Zaire, ambalo leo ni la Kongo. Limeenezwa na watu waliobeba mizigo kichwani.

Kwa mama aliyeondoka jioni ile: sikusema kitu wakati ule, naomba radhi. Ndugu aliyesema maneno yale naye nimeongea naye. Yeye mwenyewe hajaamua kama atarudi, na baba yake amezikwa hatua chache kutoka kanisa la Boga. Huenda maneno yale alikuwa akijiambia mwenyewe.

Ibada ya kumbukumbu itakuwa tarehe 30 Mei saa tatu asubuhi, chini ya miti karibu na shule. Majina ya waliouawa mwaka wa 2021 yatasomwa yote, na yeyote ambaye jina la mtu wake halimo katika orodha alipeleke kwa katibu wa Kamati kabla ya siku hiyo. Ndugu Waislamu na Wakatoliki wanakaribishwa. Mama wa kikundi cha kilimo wameahidi uji kwa watoto. Wenye viti waje navyo.